Siku ya Kuaga Nyama

Enzi zetu pale Kitui mjini, Ramadhani haikuingia kimyakimya. Siku moja kabla, harufu ya pilau ya mbuzi ilivuka ua kutoka kwa Mama Mwanaisha, ikatukuta tukiruka kamba, mate yakatujaa. Wazee wake walitoka pwani kuuza nguo, wakaja na desturi yao ya vunja jungu: kula na kushiba kabla ya mwezi wa kufunga. Mimi na bintiye Mwanaisha tulikula sahani moja kila mwaka.

Nilipokuwa darasa la sita mama yangu aliokoka, na wokovu ukiwa mpya huwa mkali. "Mwende, hiyo vunja jungu si yetu. Hauendi." Nililia sana. Niliona nampoteza Mwanaisha hivi hivi.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa historia akatueleza neno kanivali. Sisi tulidhani ni bembea na muziki tu. Kumbe asili yake ni Italia: Wakristo wa kale, kabla ya siku arobaini za kufunga kuelekea Pasaka, walimaliza nyama iliyokuwa nyumbani, wakacheza, kisha wakaiacha. Neno lenyewe lilimaanisha kuondoa nyama. Wengine hupenda kusema ni kuiaga.

Nilikimbia hadi nyumbani, vumbi mpaka magotini. "Mwaitu! Hata Wakristo walikuwa na vunja jungu!"

Mama aliendelea kupepeta ndengu. "Na wakishakula, walifunga?"

"Walifunga."

"Basi enda. Lakini kesho na wewe unafunga. Mtu akishaaga, aondoke."

Akanipa sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, nisiende mikono mitupu. Nilikula pilau hadi nikalegea. Kesho yake, saa nane, jua likiwaka, nilitamani hata maji ya mtaroni. Mwanaisha akanishika mkono njia nzima ya kurudi nyumbani. Magharibi mama yake alinipa tende. Mama yangu akaja kuchukua sufuria yake, akakaribishwa, akakaa, akala. Nilifurahi kuliko Krismasi.

Siku hizi wajukuu hunionyesha kanivali kwenye simu: manyoya na viuno tu. Kushiba wanajua, lakini kuaga, hata kuiaga hiyo simu yenyewe, kumewashinda. Ila mwaka jana Mutheu, mdogo wao, alikula pilau kwa Mwanaisha, na kesho yake akasema atafunga.

Saa nane akaniuliza, "Susu, bado?"

Bado, nikamwambia, na nikamshika mkono.