Ijumaa za Kuzungusha Magurudumu

Enzi zetu, chombo cha safari kilikuwa na heshima yake nyumbani. Ninyi mlioota meno Bagamoyo pamoja nami mtanielewa. Vijana wa leo hawatanielewa hata nikiwachorea mchangani. Kijana ananunua motokaa Dar es Salaam, anatujia nayo akipiga honi hadi kuku wanakimbilia uvunguni, na kabla mwaka haujaisha imelala kando ya njia pale Kerege, chini ya mnazi, nazi imeshatoboa paa, na kuku walewale wanatagia juu ya viti. Ukimuuliza anakwambia, "Bibi, imekufa." Haikufa yenyewe, baba, ila hakuna aliyejua namna ya kuilaza.

Kwetu palikuwa na gari. Lilikuwa la mbao, la magurudumu mawili yenye pete za chuma, na lilivutwa na punda mweupe wa Kimaskati. Baba yangu, Shomari, alilinunua Unguja kwa faida ya kuuza utomvu wa sandarusi. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee, basi safari za Makurunge nilikaa katikati ya magunia, muhogo wa kuchoma mkononi, na harufu ile ya sandarusi ikiniingia hadi kwenye nywele. Tukirudi mjini, wenzangu waliacha mchezo wao wa mdako wakatukimbilia nyuma, na hata mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, ambaye bakora yake haikujua mtoto wa tajiri wala wa maskini, alisimama kando kutupisha. Nilijiona sultani. Siku ya pili nilichapwa kama kawaida kwa kutojua aya yangu.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, kabla ya vita vile ambavyo wote tunavikumbuka, Baba alitia nia ya kwenda kuhiji. Punda akauzwa. Gari Baba alikataa kuliuza, akasema atalilaza bandani, na akirudi atalikuta.

Kazi ya kulilaza ilimchukua siku saba. Kwanza alilikosha kwa maji ya kisima kitamu, siyo yale ya karibu na pwani, maana chumvi hula chuma na mwenyewe umelala. Akaliacha likauke kivulini siku tatu. Mbao ikikaushwa juani hupasuka. Akachomoa vigingi vya chuma vinavyozuia magurudumu yasitoke, akaviweka juu ya kitambaa kisafi, akavua magurudumu, akafuta mafuta ya zamani yaliyokuwa meusi na yenye mchanga, akapaka mapya. Yalikuwa mafuta ya kondoo, Mama aliyayeyusha jikoni, na Baba aliyapaka kwa vidole vyake mwenyewe. Ya nazi hakuyataka, alisema yanaita sisimizi. Kila alipomaliza gurudumu moja alilirudisha, akalisukuma kidogo kwa kiganja, akainamisha kichwa kulisikiliza linavyozunguka.

Mikanda ya ngozi aliipaka mafuta ya ufuta, akaitundika juu pamoja na kifuko cha karafuu. Akaingiza magogo ya mkoko chini ya gari hadi magurudumu yakaning'inia hewani. Akalifunika kwa tanga kuukuu, akaacha nafasi chini hewa ipite. Mwisho akamwaga chokaa iliyochomwa Mbegani, akalizungushia gari pande zote, upana wa hatua mbili, ili mchwa wasivuke. Banda lilikuwa la udongo, halina dirisha, na mle ndani ile chokaa iling'aa kidogo hata mlango ukifungwa.

Akaniita. Kwenye kijiti kimoja cha kila gurudumu alikuwa amefunga kitambaa chekundu.

"Kila Ijumaa watu wakishatoka msikitini, zungusha kila gurudumu nusu," alisema. "Ijumaa hii kitambaa juu, Ijumaa ijayo kitambaa chini. Gurudumu lisiloguswa mafuta yake hukimbilia upande mmoja, nalo hupinda. Na ukitoka, sawazisha chokaa nyuma yako. Ikivurugwa, mchwa hupata njia."

Asubuhi ya safari, watu wameshamsomea dua na mizigo imeshatangulia forodhani, Baba aligeuka akaingia bandani peke yake kulitazama gari mara ya mwisho. Akatoka, akanishika kichwa, akaenda zake. Bibi, yaani mama yake Baba, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa banda kwenye pindo la nguo yake. Alichungulia ndani, akaona nyayo za mwanawe zimebaki kwenye chokaa, moja baada ya nyingine, zimeelekea mlangoni. Akatukataza kuzigusa. Ninyi mnajua ilivyokuwa: nyumba aliyotoka msafiri haifagiwi siku ile, usije ukamfagilia njia ya kurudi. Bibi alizidisha, akasema nyayo zile zikae mpaka mwenyewe azikanyage tena.

Hapo ndipo nilipokosa. Mtoto wa siku hizi angechagua la kumpendeza akalala usingizi wake. Mimi nilishindwa kulala. Baba ameniagiza nisawazishe, Bibi ananikataza, na usiku mzima nikawawazia mchwa wakivuka juu ya unyayo wa Baba kama juu ya daraja. Kulipokucha nikaufungua ufunguo kwenye nguo ya Bibi aliyoiweka kando akitawadha, nikaingia na ufagio wa chelewa, nikazifuta nyayo zote. Bibi alipochungulia jioni, macho yake hayakuwa mazuri tena na banda lilikuwa giza, akadhani nyayo bado zipo. Alinong'ona maneno ya kushukuru.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ijumaa adhuhuri, jua limesimama, mji umefunga milango kwa joto, mimi naomba ufunguo kwa Bibi, naingia bandani, nafunua ncha ya tanga, nazungusha, nafagia chokaa huku nikirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Niliipenda kazi ile. Mwezi wa Ramadhani ulipita, nikala kashata na visheti vya Idi, fungu la watu wawili, kwa sababu Baba hayupo.

Ikafika Mfunguo Tatu, mwezi wenyewe wa kuhiji. Ijumaa ya mwisho ya mwezi ule nilikuta kitambaa cha gurudumu la kulia kiko chini. Nilikuwa nimekiacha juu. Nikasema nimesahau mwenyewe. Ijumaa iliyofuata kilikuwa kimeelekea ukutani, si juu wala si chini. Nikawasingizia panya. Ijumaa ya tatu niliinama nikaitazama chokaa kabla sijaikanyaga. Ilikuwa laini kama nilivyoiacha mimi. Haikuwa na hata mstari wa mkia wa mjusi. Yeyote aliyeligusa gurudumu lile hakupita chini.

Nilianza kuogopa, nami naogopa kwa siri, maana nikisema la kitambaa nitaulizwa la nyayo. Nilijiambia kwamba nimemfagilia Baba njia ya kurudi, na sasa anazunguka asipopajua. Nikawa sili. Mama akanipeleka kwa mwalimu nikasomewa. Kila Ijumaa nilikuta kitambaa mahali pengine, na kila Ijumaa nilikirudisha mahali pake, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa.

Mahujaji wa kwetu walirudi baada ya miezi miwili. Baba hakuwamo. Mmoja wao alikuja nyumbani na mkoba wa Baba, akakaa barazani bila kunywa kahawa aliyopewa, akaeleza. Baba aliimaliza hija yake, wakateremka Jidda, ugonjwa wa tumbo ukamshika, na siku ya tatu akafariki. Walimzika hukohuko. Mwalimu akaulizia siku yenyewe, akahesabu kwa vidole, akamwambia Mama kwamba eda yake ilianza tangu mumewe alipokata roho, hata kama hakuwa na habari, basi amebakiwa na miezi miwili na siku kidogo. Mama akavaa nguo zake za eda, akaingia chumbani, akakaa.

Na mimi nikahesabu. Baba alifariki wiki ile ya kitambaa cha kwanza.

Nilimwendea Bibi nikamwambia yote, ufunguo niliouiba, nyayo, kitambaa, chokaa isiyo na alama. Nililia hata kamasi zikanichuruzika kifuani kwake. Bibi hakushtuka. Alinipangusa kwa nguo yake.

"Baba yako alikuagiza nini?" aliniuliza.

Nikamwambia, nisawazishe chokaa.

"Basi ulimtii. Kama lina mkosi, mkosi ni wangu mimi niliyekatiza agizo la mwenye kitu. Endelea na kazi yake, mjukuu wangu. Naona na yeye anaendelea."

Maneno yale yalinituliza na kunitia baridi kwa pamoja. Niliendelea. Sikuwa tena na hofu kwamba Baba hatafika. Hofu yangu sasa ilikuwa kwamba amefika. Nilikuwa nagonga mlango kabla sijaingia, mlango wa banda tupu, na kusubiri kidogo. Nilifanya kazi haraka, macho chini, na nikitoka sikugeuka. Ami Mshamu, ndugu yake Baba, alikuwa amekwisha kusema kwamba eda ikiisha gari litauzwa, kwa kuwa nyumba imebaki na wanawake watatu na hakuna wa kuliendesha. Hakuna aliyembishia.

Ijumaa ya mwisho ya eda ya Mama sikugonga. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nimezoea. Niliingiza ufunguo, nikausukuma mlango, mwanga wa adhuhuri ukaingia wote kwa mara moja.

Tanga lilikuwa limekunjwa upande wa kulia, vizuri, pindo juu ya pindo. Gurudumu la kulia lilikuwa linazunguka. Halikuwa na kasi. Lilizunguka polepole na bila sauti kabisa, kitambaa chekundu kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka. Chokaa chini ilikuwa safi. Banda lilinuka mafuta ya moto na sandarusi, na katikati ya harufu hizo palikuwa na jasho la mtu. Nikasikia pumzi, ya mtu mzima aliyeinama, pumzi iliyotulia ghafla kama mtu anapogundua ameingiliwa kazini. Kisha gurudumu likasimama. Halikupungua mwendo kwanza. Lilisimama kwa kushikwa.

Nilikimbia. Niliuacha mlango wazi na ufunguo mlangoni, nikapita ukumbini nikaingia uvunguni mwa kitanda cha Mama, nikaziba masikio. Bibi ndiye aliyekwenda kufunga. Alikawia huko.

Baada ya Mama kutoka eda, Ami Mshamu alikuja na fundi seremala wa kulikagua gari kabla ya mnunuzi. Nilisimama nyuma ya Bibi. Kitambaa kilikuwa palepale kiliposimama siku ile, hakikusogea hata nukta. Fundi alilitazama gari, akapitisha mkono kwenye mbao, akasema hajaona chombo kilicholazwa vizuri namna hii. Akavua gurudumu la kulia. Mafuta yalikuwa mapya, meupe, yanateleza, na alama za vidole zilionekana ndani yake, vidole vinene vya mwanamume. Akaenda upande wa kushoto. Huko kigingi kilikuwa kimeshachomolewa na kuwekwa juu ya kitambaa kisafi, lakini gurudumu halijavuliwa. Ndani yake mafuta yalikuwa yaleyale ya mwaka uliopita, yamekauka na kupasuka.

Fundi akauliza ni nani huyu aliyepaka huku akaacha kule. Ami Mshamu alinitazama mimi, kisha akavitazama vidole vyangu vidogo.

"Alikatizwa," alisema Bibi.

Gari liliuzwa wiki ile kwa mtu wa Pangani, na fundi alilipaka gurudumu la kushoto kwa mkono wake. Banda likawa la kuni. Niliingia humo miaka mingi, mchana na jioni, peke yangu, kwa makusudi, nikikaa juu ya kuni na kusubiri. Palikuwa na kuni tu.

Sasa nimekuwa mzee wa baraza, na watoto wanapita mbele yangu kama wanapita mbele ya ukuta. Wanakwenda na kengele za baiskeli zao na viatu vyao vya kelele, wala salamu hawana. Enzi zetu, hata ukimkuta mkubwa ameinamia kazi yake, unasimama, unatuliza mikono, unasema shikamoo, naye ataacha alichoshika akuitikie marahaba. Wajukuu zangu nawagombeza kwa hilo kila siku, nao wananicheka. Sijapata kuwaambia kwamba mimi nilimkuta baba yangu kazini, baada ya safari ndefu kama ile, nikampa kisogo bila hata kumwamkia, na yeye akaondoka hajamaliza.