Saluni Iliyobomolewa Mdomoni mwa Korongo

Dada yangu ni msusi, na karibu kila kichwa cha mtaa wetu wa mlimani kimepita mikononi mwake. Kwa miaka mingi saluni yake ilikaa mahali pazuri kuliko pote, pale korongo la mlima linapokutana na barabara, ubavuni mwa bucha. Aliijenga yeye na mumewe, fundi wa kuchomelea, tofali juu ya tofali.

Mwaka ambao maporomoko ya udongo yalifunika nyumba za mlima wa pili, wateja hawakuwa na habari nyingine. Kuna waliosema ni kazi ya Mungu. Wengine walidai wale walikata miti ovyo, huku kwetu mlima umetulia tangu enzi za babu. Wengi waliona ni jukumu la serikali, wao wakae wasubiri. Dada alisuka huku akisikiliza, ila mikono ilipungua kasi.

Halmashauri ikamtuma mtaalamu wa miamba, mama mpole mwenye buti za matope. Dada alimpa nafasi azungumze na watu humo humo saluni. Mtaalamu alieleza kwamba mlima wetu nao una nyufa, na mvua kubwa ikija, udongo utafuata korongo. Tuchimbe mitaro huko juu, tupande miti, na korongo liachwe wazi. Watu walimsikiliza kwa adabu. Alipoondoka, mwenye bucha akasema huyo analala tambarare, atajua nini habari za mlima? Watu wakacheka.

Jumapili iliyofuata dada alikuja kwa mama yetu, akasema anabomoa saluni. Mama alidhani hakusikia vizuri.

"Mama, nitawaambiaje watu wahame korongoni, nami nimekaa mdomoni mwake?"

Shemeji alinuna, na alikuwa na haki: kila dirisha la jengo lile alilichomelea mwenyewe. Lakini asubuhi moja nilimkuta juu ya paa anang'oa mabati, dada yuko chini anayapokea. Nilivua shati nikaingia kazini.

Mtaa ukapata kichekesho. Mwenye bucha alitangaza kwamba msusi amejisuka mpaka ubongo. Dada alihamishia viti barazani kwa mama, na wateja wakamfuata, wengine kwa umbea tu. Hakumhubiria mtu. Akiulizwa, alijibu, na aliyeshikwa nywele haondoki kabla jibu halijaisha. Taratibu wanawake wakaanza kupanda mlimani na majembe siku za Jumamosi, kuchimba mitaro. Waume wakaona haya, wakafuata. Waliojenga korongoni wakahama mmoja mmoja. Mwenye bucha alihama mwisho, akidai anafuata wateja.

Mvua za msimu uliofuata hazikuwa na huruma. Siku moja, kabla ya mchana, mlima ulinguruma. Udongo, mawe na magogo vilishuka korongoni, vikapita palipokuwa saluni, vikapita palipokuwa bucha, vikamwagika ng'ambo ya barabara. Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiitana. Hakukosekana hata mtoto mchanga.

Dada aliketi kwenye ngazi za baraza, akalia. Mwenye bucha alimfuata hapo, matope hadi magotini.

"Mwanangu, nilikucheka," alisema mbele ya watu wote. "Leo familia yangu iko hai."

"Baba, ulihama," dada akamjibu. "Hukubebwa na mtu."

Tangu hapo mitaa mingine ya milimani humwita. Juzi nilimsindikiza kwenye mkutano mmoja. Mwenyekiti alimsifu mpaka akamchosha. Dada aliposimama, aliwauliza tu maji yao ya mvua hupita wapi. Vidole vikanyooshwa kila upande, watu wakaanza kubishana, na yeye akavuta kiti akaketi katikati yao. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza kama namfahamu yule mama.

"Ni dada yangu," nikasema. "Tumbo moja."

Hilo la tumbo hakuniuliza.