Dripu Iliyomtia Flavia Hatiani

Mwaka wa pili tangu yeye na watu wa mumewe wahamishiwe kijiji cha ujamaa huko Ipole, Flavia alishikwa na uchungu katikati ya matuta ya tumbaku, na mimba ina miezi saba tu. Lori la kijiji likamfikisha hospitali mjini Tabora, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama mkwe wake, Apolinaria.

Muuguzi Josepha akamtundikia dripu ya kuzuia uchungu. "Itakupeleka moyo mbio, dada, usiogope," alimwambia. Apolinaria hakuyasikia hayo. Alikuwa nje anatafuta maji.

Uchungu ukalegea kweli, lakini moyo nao ukaanza vituko vyake. Loo! Ulipiga hadi kanga ikawa inaruka kifuani. Mikono ikatetemeka, jasho likamtoka. Apolinaria aliporudi akamkazia macho, kisha akasogeza kigoda. Kwao mimba ikileta matata, mwanamke huulizwa alitoka nje na nani. Asipomtaja, mtoto hafiki duniani akiwa hai.

"Sema, mkamwana."

"Sina la kusema, mama. Ni dawa."

"Dawa gani ya kumtetemesha mtu kama mwizi wa kuku? Mtaje! Au umwue mjukuu wangu kwa kuficha aibu yako?"

Flavia alitafuta pumzi, hakuipata. Akajishika tumbo. Mtoto alikuwa kimya. Basi akataja jina la kwanza lililomjia, la mrina asali aliyepita kwao mara moja tu kuuza.

"Damas."

Hapo Josepha akaingia, akapima mapigo, akaguna, akapunguza dripu. Kidogo kidogo moyo ukatulia.

"Umeona?" Apolinaria alishusha pumzi. "Umetua mzigo."

"Mama, ni dawa hii!" Josepha alisema. "Hata wewe nikikutundikia utatetemeka."

"Mimi sina wa kumtaja."

Mimba ilikaa, na miezi ilipotimia akazaliwa msichana mzima. Raymundi, mumewe Flavia, hakuja kumwona. Lililokuja ni sanduku la nguo za Flavia, juu ya lori lilelile.

Flavia akapanga chumba mtaa wa Cheyo, mjini humohumo, akauza vitumbua. Binti akakua na mwanya wa Apolinaria, na kipaji cha uso kilekile kipana. Siku moja bibi huyo akapita kununua.

"Shikamoo, bibi," mtoto alicheka, mwanya wote nje.

Apolinaria alimtazama sana, akabana midomo yake.

"Marahaba, mtoto wa Damas."

Flavia akamfungia vitumbua vyake. Hakutetemeka hata kidole.