Kahawa Iliyofunikwa kwa Ungo

Sogea karibu, unisikilize. Juzi niliona kwenye simu mahakama ya Marekani: raia wa kawaida wakiamua kesi, wamekatazwa kupokea chochote kwa wenye kesi. Nikakumbuka alasiri moja kijijini Kamuli.

Majirani walikaa uani kwa bibi yangu, mjane, kuamua kama shamba la migomba ni lake au la shemeji yake, ndugu wa marehemu babu. Kahawa ya kutafuna, buni kavu za kukaribishia wageni, ilinukia, lakini bibi aliifunika kwa ungo. Nilidhani ni uchoyo.

“Bibi, wageni hawapewi kahawa?”

“Nyamaza, mjukuu wangu. Wakitafuna sasa, shemeji atasema nimewanunua.”

Wakaamua shamba ni la bibi. Ndipo akafunua ungo, akaanza na shemeji.

“Lete,” shemeji alicheka, “hata aliyeshindwa ana meno!”

Ukiitwa kuamua ugomvi wa majirani, sikiliza kwanza, kahawa utafune baadaye.