Spika Kubwa Haina Siri

Gari likipita likitingisha vioo vya maduka kwa muziki, mimi huangalia chini. Si uzee huo. Ni aibu, na aibu yenyewe nilijinunulia mwenyewe dukani, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na kwa kuwa wengi waliokuwepo siku ile wako hai na bado wanaisimulia vibaya (kuna mmoja anaapa kwamba nilipanda mti, sikupanda mti), afadhali niisimulie mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa karani wa stoo hapa Kisumu, sijaoa, nina kigari cha Kijapani cha rangi ya chai ya maziwa ambacho nilikipenda kuliko kilivyostahili. Kilikuwa na redio ya kaseti ya maana, ile ya kujigeuza yenyewe, upande wa kwanza ukiisha unasikia tak! na upande wa pili unaanza bila mtu kugusa kitu (hiyo tak muiweke akilini). Ila spika za milangoni zilikuwa zimekwisha. Karatasi zake zilichanikachanika kwa vumbi na unyevu, kwa hiyo mwimbaji yeyote, hata awe na sauti ya malaika, kwangu alisikika kama mtu mwenye mafua anayeongea ndani ya debe.

Ningeweza kuvumilia, kwani nilikuwa nimevumilia miaka miwili. Lakini zilikuwa zimebaki wiki mbili niende karibu na Bondo, nyumbani kwa kina Atieno, kwa ile ziara tunayoiita ayie, maana yake "nimekubali", ambapo upande wa mwanamume unafika na heshima zake, na mama wa msichana akiridhika anatamka neno hilo mbele ya watu, na asipolitamka hakuna ndoa, rudi kwenu ukaoe gari lako. Nilimpenda Atieno kiasi cha kukosa usingizi, nasema ukweli. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Odera, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa koti zito la sufu saa saba mchana katika joto lile la ziwa na asitoe jasho (nadhani jasho lilimwogopa). Wachumba wawili wa dada yake Atieno alishawafukuza, mmoja kwa kuingia na kofia kichwani, mwingine kwa kuketi kabla hajaambiwa keti, na mama mtu hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Basi nikajishauri: mzee wa kanisa anapenda kwaya, kaseti ya kwaya ninayo, nikiingia bomani kwake na kwaya inayosikika sawasawa, nusu ya vita nimeshinda kabla sijashuka.

Nikaenda kwa Bwana Manjit, aliyekuwa na duka la redio pale mjini. Babu yake alikuja kutoka India enzi za reli, lakini yeye alizaliwa Kisumu na alikuwa akiongea Dholuo, lugha yetu, kunishinda mimi nikiwa na hasira.

"Umepima tundu ya mlango?" akaniuliza, salamu hazijapoa.

"Tundu gani?"

"Tundu ya spika, bwana! Upana na kina. Ukiweka spika iko na sumaku nene, kioo ikishuka inagonga sumaku, inakwama hapo. Halafu hiyo redio yako iko na nguvu kidogo. Chukua hii." Akaweka mezani jozi ya spika za duara, ndogo, ukubwa wa kisahani cha chai. "Hii inaingia pale pale ile ya zamani ilikuwa. Sauti safi. Nyinyi wenye mko ndani ya gari mnasikia, basi."

Sisi tulio ndani, basi! Mimi niliyetaka kijiji kizima kisikie! Macho yangu yalikuwa yameshapanda rafu ya juu, kwenye jozi ya spika za umbo la yai, pana kama sinia la samaki, zimefunikwa wavu mweusi unaong'aa. Nikamwonyesha kwa kidole.

Bwana Manjit akavua miwani. "Omera, ndugu yangu, zile haziwezi ingia mlango. Utakata chuma nyuma ya kiti. Utaongeza amplifaya. Na nikuambie kitu. Spika ndogo iko na heshima, inafichia kaseti makosa. Spika kubwa haina siri. Chenye kiko kwa kaseti, itasema."

Nilidhani anazungumzia mikwaruzo. Nikazibeba zile kubwa, moja kila kwapa, nikitembea katikati ya barabara ili watu wazione.

Fundi wangu wa Nyalenda, jina lake Omolo, alikata chuma kwa patasi siku nzima, na mimi kila pigo nilifumba macho. Alipomaliza akanionyesha waya mnene mwekundu uliotoka mbele hadi nyuma. "Hizi vitu zinakula moto sana," akasema. "Nimetoa waya direct kwa betri, sitaki mambo ya kii ya gari. Hata ukizima gari, ngoma inaendelea tu!" Alinipa habari hiyo kama zawadi na mimi nikaipokea kama zawadi. Kulikuwa pia na kile kifundo cha redio cha kuzimia na kuongezea sauti, kilichokuwa kimelegea tangu zamani, nikasema nitakitia gundi wiki ijayo. Tulipojaribu, vikombe vya mama jirani vilitembea mezani. Nikaona nimefika.

Jumamosi ikafika. Tulikuwa magari mawili, na kando yangu aliketi baba yangu mdogo, Nyangweso, ndiye msemaji wetu, na njia nzima alikuwa akinifundisha. "Kwa wakwe hukimbii, hucheki, na humalizi samaki. Mimi ndio mdomo. Wewe ni picha tu. Picha inaongeanga?"

"Hapana, Baba."

"Ndio hivyo."

Tulipokaribia nikafungulia kwaya. Jamani! Besi ilitangulia, soprano ikafuata, wanawake wakaacha majembe shambani, watu wakajipanga kando ya ua. Mzee Odera alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, vifungo vyote vimefungwa. Nikazima injini, nikanyoosha mkono nizime na redio, naye akainua kidole kimoja.

"Wacha iimbe," akasema. "Neno la Mungu halizimwi mlangoni."

Mnaona? Kama ningechukua zile ndogo, angehitaji kuingiza kichwa garini ili asikie lolote. Nikaacha milango wazi, nikaingia ndani nikiwa nimevimba, na kupitia dirishani kwaya ikawa inatusindikiza wakati wa sala, wakati wa kunawa, wakati wa ugali na samaki (nilimwacha nusu, kama nilivyoagizwa, japo roho iliniuma). Baba Mdogo aliongea vizuri mno. Mzee Odera alitikisa kichwa kukubali mara mbili, na Atieno aliniambia baadaye kwamba hajawahi kumwona akitikisa zaidi ya mara moja. Hatimaye mama yake, mwanamke mfupi mwenye macho ya kucheka lakini mdomo umefungwa, akasimama, akafunga leso vizuri, akasema, "Mimi kama mama wa huyu msichana..."

Tak!

Sasa nisimamishe hapa kidogo, kwa sababu na mimi damu yangu ilisimama hapo. Mwezi mmoja kabla, tulikuwa na sherehe ya mwenzetu wa kazini, na sherehe haiwi sherehe bila pakruok, ule mtindo wetu wa kusimamisha muziki katikati mtu ajisifu, awasifu na watu wake, na kadiri anavyotia chumvi ndivyo anavyoshangiliwa. Mwenye sherehe alitaka kurekodi, kaseti zikamwishia, na mimi kwa ukarimu wangu nikatoa ile ya kwaya, kwa vile upande wa pili ulikuwa mtupu. Nikarekodiwa kama wengine. Nikasahau kabisa, kama unavyosahau ulipoweka mwavuli mpaka mvua inyeshe.

"SIMAMISHA MUZIKI!" ilisema sauti kutoka nje, na ilikuwa yangu, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. "Mimi ndiye Ouma! Mimi ndiye mkwe wa mzee wa koti! Koti la Bondo lisilojua joto la Januari! Mzee mkali, mpaka kuku wake wanataga wakiwa wamesimama!" Vicheko. Mtu akasema, "Rudia!" Nami, mjinga, nilikuwa nimerudia. "Wanataga wakiwa WAMESIMAMA! Mzee akikohoa, jogoo anaomba ruhusa ya kuwika!"

Nikaruka. Baba Mdogo akanikamata suruali kwa nyuma. "Keti! Mkwe hakimbii!" Nikakimbia, mfuko wa nyuma ukabaki mkononi mwake. Nikafika garini, nikazungusha kifundo, kumbe kwa haraka nimekizungusha upande wa kuongeza, halafu kikachomoka nikakishika kama kifungo cha shati, na ile sauti yangu sasa ikasikika mpaka ziwani: "NA BINTI YAKE NITAMCHUKUA, YEYE AKIHESABU VIFUNGO VYA KOTI!" Nikachomoa ufunguo. Ngoma inaendelea tu! Nikakumbuka Omolo na zawadi yake. Nikafungua boneti, nikaushika ule waya mnene kwa mikono miwili, mguu mmoja nimeukita kwenye bampa, nikavuta kwa nguvu zangu zote, cheche zikaruka, nikaanguka chali kwenye majani ya viazi.

Kimya.

Nilipoinuka watu wote walikuwa wametoka nje. Atieno alikuwa mlangoni mwa jikoni, amejifunika uso kwa aproni. Mzee Odera alikuwa mbele yao wote na sikuweza kumwangalia, nikaangalia viatu vyake, na nikajua kwamba nimempoteza Atieno, nimempoteza kwa mdomo wangu, na nilitaka kulia, sioni haya kusema. Na wakati huo huo, kuku mmoja mwekundu akatokea nyuma ya ghala. Akapita katikati yetu pole pole. Akasimama.

Naapa, kila mtu pale alimwangalia yule kuku kuona atafanya nini.

Mama yake Atieno ndiye aliyeshindwa kujizuia wa kwanza. "Yawa!" akapiga kelele, akashika magoti, machozi yakimtoka. "Yawa, miaka thelathini! Miaka thelathini nangoja mtu aseme!" Jirani mmoja akamfuata, kisha mashangazi, kisha hata Baba Mdogo, akiwa bado ameshika mfuko wangu. Mzee Odera hakucheka. Alishika kifungo cha juu cha koti, akakifungua, akaweka mkono mmoja kiunoni.

"Simamisha muziki!" akanguruma, ingawa muziki nilikuwa nimeshauua. "Mimi ndiye Odera! Mimi ndiye ambaye kuku wake wanataga wamesimama, kwa sababu kwangu hata yai halizaliwi likiwa limelala! Leo nimepata mkwe ambaye mdomo wake unafika kabla ya gari!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kuvisikia tena, hata harusini. Kumbe mzee, kabla ya kanisa na kabla ya koti, alikuwa bingwa wa pakruok kote kule, na mama yake Atieno alimpata kwa mdomo huo huo. Wachumba wote waliotangulia walimwogopa tu. Hakuna aliyewahi kumtungia jina la sifa.

Mama akapangusa macho kwa leso. "Mlinikatiza," akasema. "Nilikuwa nasema hivi. Ayie."

Nilikaa chini pale pale kwenye viazi. Mzigo niliokuwa nimebeba wiki mbili ulianguka wote mara moja, na Baba Mdogo akasema kwa sauti, "Mtuwie radhi, picha imeanguka."

Haikuishia hapo, maana betri ilikuwa imenyonywa yote na jioni gari halikuwaka. Ikabidi lisukumwe, mimi kwenye usukani nikijifunika uso, wakwe zangu nyuma. Mzee Odera akasema na yeye atasukuma. Ndipo, mbele ya kijiji kizima, akafungua vifungo vilivyobaki, akavua lile koti, akaliingiza dirishani na kuniwekea mapajani. "Nishikie hii," akasema. Alikuwa na shati jeupe limelowa jasho mgongo mzima, na mimi nilimpenda mzee yule kuanzia dakika hiyo mpaka tulipomzika, miaka mingi baadaye, na wanawe wote walikubaliana kwamba mimi ndiye nimtaje kwa jina lake la kuku, nikalitaja.

Atieno aliniuliza swali moja tu tulipopata nafasi. "Na vifungo ulihesabu?" Nikasema hapana. "Ni saba," akasema. "Siku nyingine uliza kwanza."

Jumatatu nilikuwa dukani kwa Bwana Manjit, zile spika kubwa nimezibeba kwapani, safari hii nikipitia nyuma ya maduka. Akaniangalia juu ya miwani.

"Zilisema?"

"Zilisema."

Akashusha zile ndogo za kisahani, zikaingia milangoni bila kukata chuma, na hizo ndizo nilizokaa nazo mpaka gari lenyewe likafa. Tangu hapo kaseti yoyote, hata iwe ya mahubiri, kabla haijaingia garini kwangu naisikiliza pande zote mbili, nikiwa peke yangu, madirisha yamefungwa.