Kitoweo cha Mama Mkwe

Msinicheke kabla sijamaliza, maana najua mmeshasikia toleo la mke wangu, na hilo limetiwa chumvi nyingi mno, ila ile sehemu ya kwamba nilisimama mbele ya wazee wa Kizungu waliovaa makoti ya kijani nikakiri kuwa mimi ni mwizi wa samaki, hiyo ni kweli tupu.

Mama mkwe wangu, Bi Shemsa, alikuja kutoka Pemba mwanzo wa baridi mwaka jana, na msidhani alikuja kutembea tu. Alikuja kunikagua. Mimi na binti yake tulioana huku huku London, yeye harusi akaiona kwenye simu, na tangu siku ile hakunikubali (hajapata kusema, lakini mtu anayekuita "huyo bwana" miaka yote, huhitaji kuambiwa). Basi nikajikaza kisabuni: chumba chenye hita nzuri nikampa yeye, koti nikamnunulia, chai nampelekea mwenyewe, na lolote atakalosema jibu langu ni moja tu, "Sawa, mama." Na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Jumamosi mke wangu alikuwa zamu kazini, nikamchukua mama tukapanda basi kutoka kwetu Kenton mpaka mtoni, akanyooshe miguu. Baridi ilikuwa imegandisha maji yaliyotulia pembeni mwa mto, na wazee wa chama cha wavuvi walikuwa wamejipanga ukingoni, kila mmoja na kiti chake na fimbo yake ya kuvulia, wanatoboa barafu wapate pa kutosa ndoana. Mama akasimama. Uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza tangu ateremke kwenye ndege.

Karibu yetu mzee mmoja, Terry, alikuwa akihangaika na kipande cha chuma alichokifunga kamba: anakirusha juu ya barafu, inavunjika, anakivuta kurudi, anahema.

"Mwanangu," mama akaniambia (mwanangu! mnasikia?), "humwoni mtu mzima anavyotaabika? Hebu nenda kamshikie kamba, nasi tupate kitoweo."

Kwao Pemba ndivyo ilivyo: wavuvi wakivuta wavu pwani, ukishika kamba nao unaondoka na samaki wako wawili watatu, wala huombi. Mimi nilijua fika kwamba hapa sivyo. Nilitakiwa nimwambie, mama, hawa wanavua kwa mchezo. Lakini ndiyo kwanza kaniita mwanawe, ningesema nini? "Sawa, mama."

Nikavuta kamba. Terry akafurahi, akanipigapiga begani, akanimiminia chai ya thamosi, tukaivunja ile barafu mpaka tundu likawa kubwa, naye akaanza kutoa samaki mmoja baada ya mwingine, anawatia hai kwenye wavu mrefu uliozamishwa majini, mdomo wake umefungwa ukingoni. Nikajisahau kabisa, nikawa namshangilia. Akaenda kuazima chambo kwa mwenzake, nikageuka, nikamkuta mama amechutama kwenye mdomo wa wavu, glavu kavua, anachagua. Mkoba wake umeshatuna. Akaniangalia, akatabasamu. Jamani, kanitabasamia mimi! Nikageuza uso, nikajifanya natazama barafu.

Filimbi ikalia. Kumbe yalikuwa mashindano: samaki wanapimwa uzito, kisha wanarudishwa majini. Akaja msimamizi na mizani, wazee wote nyuma yake, na Terry akauinua wavu wake kwa madaha, ukatoka na samaki wawili wadogo wa kusikitisha. Akauchungulia. Akaugeuza atafute ulipotoboka.

"Lakini nilikuwa naongoza," akasema kinyonge, na roho ikaniuma kwelikweli.

Hapo ndipo mkoba wa mama ulipoanza kurukaruka.

Macho yote kwenye mkoba, na mama, asiyejua Kiingereza hata cha salamu, ameukumbatia anawachekea. Mzee mmoja akamnyooshea kidole. Sijui nilipitiwa na nini, nikaunyakua ule mkoba nikasema kwa sauti, "Ni mimi. Nimewachukua mimi, nikampa mama yangu anishikie."

"Wewe?" Terry akasema. "Baada ya chai yangu?"

Nikaanza kuwatoa, wanateleza, mmoja mkubwa akaniponyoka, nikamkimbiza kwa magoti mpaka ukingoni, barafu ikapasuka na mkono wangu ukazama hadi begani, naye akaenda zake (na kuna mtu alikuwa anachukua video). Waliobaki walipimwa baada ya ubishi mrefu. Terry akawa wa pili. Yule aliyeniponyoka ndiye aliyemkosesha kombe, nami nilimwomba radhi mpaka akanihurumia.

Kwenye basi natetemeka, mkono unachuruzika maji.

"Uliwaambia nini wale?" mama akauliza.

"Niliwaambia nimewachukua mimi."

Akavua mtandio wake wa sufu, akanifunga mkono taratibu. Nilitamani basi lisifike.

Jioni nikamsikia kwenye simu na Pemba, sauti juu: "Mkwe wangu mwizi wa samaki, wallahi! Kakamatwa mbele ya watu! Mwanamume huyo, nnakwambieni, mwanangu kapata mume!" Wete nzima, mji wao kule Pemba, sasa inanijua, na ndugu wakipiga simu hucheka kwanza ndipo wasalimie. Nimeapa: samaki wangu ni wa dukani, na risiti natembea nayo mkononi mpaka mlangoni kwangu.