Maombi ya Jumatatu

Sheria niliijua vizuri. Karatasi ya daktari ikishasema unafanyiwa upasuaji na unahitaji kupumzika, imetosha. Mwajiri hana ruhusa ya kuuliza unapasuliwa wapi. Karatasi yangu ilisema hivyo tu. Lakini ofisa wa wafanyakazi wa shirika letu pale Kakuma, mama mchangamfu anayependwa na kila mtu, aliisoma, akaigeuza nyuma, kisha akainuka kufunga mlango.

"Sasa dada, ni wapi?"

"Ni upasuaji, madam."

"Hiyo nimeona. Niambie tu kidogo, Nairobi wakiniuliza nijue nitakutetea aje. Itabaki hapa hapa."

Nikamwambia. Uvimbe kwenye kizazi. Daktari wa Lodwar atajaribu kuutoa peke yake, ila damu ikizidi itabidi aondoe kizazi chenyewe. Nilisema harakaharaka huku nikiangalia feni, nikitamani kutoka. Nikamwambia na la pili: kuna mtu anataka kunioa, wazee wake wa Kaaleng wameshakuja kwa baba kuzungumzia mifugo ya mahari. Huyo nimemweleza kwamba naenda kutolewa uvimbe tumboni, basi. Hayo mengine nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikishajua yameishaje. Yule mama akanishika mkono na machozi yakamlengalenga. Sikuwa na shaka naye hata kidogo.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, daktari alikuwa amesimama karibu na dripu. "Uvimbe tumetoa wote. Kizazi tumekiacha, kiko sawa." Nilicheka kwa furaha, na kucheka kukaniuma mpaka nikamshika nesi gauni.

Dada yangu anaishi hapo hapo Lodwar, nikaenda kupumzikia kwake. Nyumba ya mabati, joto lake wacha tu. Nikilala naamka, nikiamka nataka kulala. Nilikuwa nikipanga maneno: nitamwambia yule anayetaka kunioa nilivyoogopa, halafu nitamwambia mwisho wake, na nilitaka kuona uso wake nikifika pale. Simu ikalia. Alikuwa mkalimani wetu, dada wa Sudan Kusini ninayekaa naye meza moja.

"Malesh, dada. Pole sana. Mungu atakupa njia ingine."

"Njia ya nini?"

"Ya mtoto."

Nikakaa chini. Nikamwambia anieleze tangu mwanzo.

Ofisini kwetu Jumatatu hakuna anayewasha kompyuta kabla ya maombi. Tunasimama duara kwenye banda, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa geti. Na tuna desturi moja: ukileta ombi, unalitaja. Ukisema tu "tumuombee mgonjwa," mtu atauliza, mgonjwa wa nini? Mungu haombwi kwa mafumbo. Mtu akiumwa goti, linatajwa goti, tena la kushoto. Jumatatu ile aliyeongoza alikuwa ofisa wa wafanyakazi. Alifumba macho, akainua mikono, akasema, Baba, dada yetu leo yuko mezani kwa daktari, kizazi chake kinatolewa. Kama ndivyo umeamua, mpe watoto wa kiroho.

Watoto wa kiroho! Ebo! Nikampigia yule mama saa ile ile.

"Haki dada, mimi sikumwambia mtu yeyote," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. "Karatasi yako iko kwa kabati, kabati nimefunga. Nilimwambia Mungu tu."

"Kwa sauti, madam!"

"Sasa ningemwambia aje? Na walikuombea vizuri, kila mtu. Hata ndugu zetu Waislamu walisimama na sisi."

Nilitaka kumtusi, nikakosa tusi la kumtosha mtu aliyenililia. Ndipo akasema, "Basi niambie imeendaje. Kama nilikosea, Jumatatu nitatoa shukrani mbele ya wote, nirekebishe."

Yaani tumbo langu lirudishwe bandani, safari hii kwa vigelegele. Nikamwambia asinitaje tena, si kwa shukrani, si kwa lolote, nikakata simu.

Baada ya hapo sikutulia. Jumbe ziliingia moja juu ya nyingine: pole mpenzi, kuzaa si kila kitu, shangazi yangu pia alitolewa na anaishi. Kila ujumbe niliandika jibu, nikalifuta. Ningesema "si kweli," wangeuliza basi kweli ni ipi, na ningeanza kuwaeleza watu wa ofisi nzima habari za ndani yangu. Nilizunguka kile chumba nimejishika ubavu, dada ananifokea nilale. Mlinzi wa geti letu ni binamu ya yule mtu wangu, na maombi hakosi. Mtu wangu, aliyekuwa akinipigia asubuhi na jioni, alikuwa amenyamaza.

Hatimaye akaja, kwa pikipiki. Nilimsikia akimsalimia dada nje kwa Kiturkana, ejok, ejok-noi. Nikajifunga leso vizuri, nikaketi. Aliingia, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Macho yake hayakuja usoni kwangu. Yalikwenda tumboni.

"Kiko ama hakiko?" akauliza.

"Nini?"

"Unajua. Wazee wanauliza. Na mimi nauliza."

Hakusema pole. Hakuuliza kama nimekula, kama naweza kutembea, kama niliogopa. Neno moja tu, "kiko," lingemkalisha kwenye kiti kilichokuwa mbele yangu. Nililihisi kabisa, limefika kwenye meno. Lakini niliona pia miaka inayokuja, kila siku nikikumbuka kwamba nilikaguliwa kwanza, kisha nikasalimiwa.

"Nenda ukawaulize walioniombea," nikasema. "Wao ndio wanajua."

Akavaa kofia, akaondoka. Dada aliingia mbio. "Wee, si kiko? Mbona hukumwambia? Niende nimwite?" Nikamkataza. Pikipiki ilikuwa imeshawaka nje. Nililia huku nimelishika tumbo kwa mikono miwili nyuzi zisiachie, kwa sababu nilikuwa nampenda yule mtu.